Ushahidi wa Stempu za Uthmaniya

Watu wengi wapatapo hati ya zamani ya Dola ya Uthmaniya husoma maandishi na kuutazama muhuri, wakaiacha stempu ya ushuru iliyobandikwa pembeni kana kwamba ni pambo. Hilo ni kosa. Stempu ni shahidi, na kama shahidi yeyote, haina budi iulizwe maswali kwa taratibu kabla neno lake halijakubaliwa wala kukataliwa.

Swali la kwanza ni la enzi. Stempu nyingi zina tughra, yaani jina la Sultani lililosukwa pamoja na jina la baba yake. Abdülhamid wa Pili alitawala tangu 1876 hata 1909. Akafuatwa na ndugu yake, Mehmed wa Tano, hata 1918. Mwenye kuitambua tughra amekwisha kujua mlango wa kuingilia.

Swali la pili ni la tarehe, na hapo hujikwaa hata wale waliojifunza tarakimu za Kiarabu chuoni tangu utotoni. Waonapo 1325 hudhani ni mwaka wa Hijra, ulioanza Februari 1907. Lakini serikali ya Istanbul ilikuwa na mwaka mwingine wa mambo ya fedha, uitwao Rumi, wenye kufuata jua. Na 1325 ya Rumi ilianza Machi 1909. Tuseme basi hati ya shamba ina tarehe hiyo na stempu yenye tughra ya Mehmed wa Tano. Kwa hesabu ya Hijra hati ni ya uongo, kwa kuwa katika 1907 Mehmed hakuwa Sultani. Kwa hesabu ya Rumi yaweza kuwa ya kweli, mradi siku yake isitangulie Aprili 27, 1909, siku aliyoondolewa Abdülhamid. Kosa la miaka miwili latosha kumfanya mwenye haki aitwe mghushi.

Swali la tatu ni hili: fedha zilikwenda wapi? Baadhi ya stempu zilitolewa kwa ajili ya reli ya Hijazi, iliyoanza kujengwa 1900 na kufika Madina 1908. Juu yake husomwa neno iane, ndugu wa neno letu iana, maana yake msaada. Hati iliyobandikwa stempu hiyo siku ya kuandikwa kwake haiwezi kuitangulia reli. Ushuru wa stempu za kawaida nao, kwa amri ya Desemba 1881, uliwekwa chini ya Baraza la Deni la Uthmaniya, lililowakilisha wadai, wengi wao wa Ulaya. Hivyo mtu aliyeandikisha mkataba mdogo wa nyumba alichangia kulipa deni asilolikopa yeye.

Swali la mwisho ni la wino. Je, alama ya kufuta stempu imevuka ukingo ikashika na karatasi? Ikiwa imekatika ukingoni, yawezekana stempu ilibanduliwa katika hati nyingine.

Maswali hayo manne hayahitaji chombo ila jicho na subira. Ayapuuzaye huweza kuihukumu hati ya kweli kuwa ya uongo. Nao walioiandika wamekwisha kufa, hawawezi kuja kujitetea.