Vimini, mawigi na mabishano ya mwaka 1968

Niliahidi kuandika kuhusu ule ubishi wa kwenye vimbweta, nikachelewa kwa sababu ya testi mbili mfululizo. Kwa waliokosa: ulianza na siasa, ukapitia ndoa, ukaishia kwenye sketi. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu akasimama (alisimama kabisa, utadhani yuko bungeni) akasema dada zetu wa siku hizi wameharibiwa na simu, na kwamba enzi za Mwalimu watu walijua kuvaa, wala hakuna aliyebishana. Makofi yakapigwa. Wasichana tulikuwa watatu kati ya watu kumi na kitu, tukabaki kuangaliana.

Sasa mimi nasoma historia bwana. Ukiniambia "zamani" nitakuuliza mwaka gani.

Tuchukue 1968. Mwezi Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi, dawa za kuchubua ngozi (mkorogo wa enzi hizo) na suruali za kubana za wanaume. Marufuku ianze 1 Januari 1969. Kampeni yenyewe ikaitwa Operesheni Vijana. Hebu rudia kusoma hiyo orodha: suruali za kubana za wanaume. Nusu ya kaka zetu wa hapa chuoni wasingefika hata getini.

Nisiwaonee hao vijana wa TANU, maana hawakuokota hoja yao barabarani. Desemba 1962 Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana alieleza wazi jinsi ukoloni ulivyotufanya tuone tulivyo navyo ni vya kishenzi. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, nchi nzima ikawa inazungumza kujitegemea. Kijana wa miaka ishirini aliyekua akisikia hayo, akamwona mwenzake anapaka krimu ili awe mweupe, ana haki ya kukasirika. Mimi mwenyewe mkorogo naupinga mpaka leo. Kwa hiyo hasira ilikuwa na chanzo cha kweli. Tatizo ni ilikoelekezwa.

Azimio lilisema Januari, lakini mitaa haikusubiri. Oktoba hiyohiyo, Kariakoo, makundi ya vijana yalianza kuwavamia wanawake waliovaa nguo fupi au za kubana, mpaka polisi wakalazimika kuingilia kati. Na hapa ndipo penye uzito wa habari yote: kwenye karatasi wanaume wamo, wanawake wamo. Mtaani mikono ilienda kwa wanawake. Mwenye suruali ya kubana alisemwa, mwenye kimini aliguswa.

Halafu watu wakabishana! Tena sana. Magazeti ya Dar wakati ule yalikuwa Uhuru, Ngurumo, The Nationalist na The Standard, na kurasa za barua zikawaka moto. Mwanahistoria Andrew Ivaska amezichambua barua hizo kwenye kitabu chake Cultured States cha mwaka 2011, mwenye nafasi akitafute. Wengi waliunga mkono marufuku, ni kweli. Ila walikuwapo waliouliza maswali ambayo hata leo ukiyatoa kwenye vimbweta mtu anakohoa kwanza kabla ya kujibu. Kama kimini ni cha kigeni, suti na tai ni za kabila gani? Kama tunarudi kwenye mavazi ya mababu, mababu walivaa nini hasa, na walifunika kiasi gani?

Swali kali kuliko yote lilikuwa la Wamasai. Maana karibu wakati uleule, miaka ya 1967 na 1968, serikali ilikuwa na kampeni nyingine kule kaskazini ya kuwataka Wamasai waache lubega na kuvaa suruali na mashati. Yaani Arusha Mmasai anaambiwa vazi lake la asili linaaibisha taifa, aige nguo za kisasa. Dar msichana anaambiwa nguo yake ya kisasa inaaibisha taifa, arudi kwenye asili. Taifa ni hilohilo, chama ni hichohicho. Waandishi wa barua waliliona hilo palepale, hawakungoja miaka hamsini wala digrii ya historia.

Mimi naamini neno "utamaduni" lilibebeshwa mzigo usio wake. Dar ya ukoloni ilikuwa mji wa wanaume kwa sehemu kubwa. Baada ya uhuru wasichana wengi zaidi wakaingia mjini, wengine wakapata kazi za ukarani na ukatibu muhtasi, wakawa na mshahara wao. Ukizisoma hoja za wanaume wa wakati ule, sketi inakaa mstari wa kwanza, lakini mistari inayofuata ni pesa: wasichana wanaotaka wenye magari, kijana asiye na kazi anayeona hana lake. Haya ni malalamiko ya kweli, sikatai. Ila dawa ya ajira si kumchania mtu nguo.

Na hiyo ya "enzi za Mwalimu hakuna aliyebishana" haisimami hata kwenye ndoa. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote, ukazua zogo nchi nzima. Mke aulizwe kabla mume hajaongeza mwingine? Serikali ina haki gani ya kuingia kwenye mambo ya dini? Sheria ikapita 1971. Ilikataza mume kumpiga mke, jambo kubwa kwa miaka ile, lakini hapohapo ikaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi huku mvulana akisubiri 18. Kifungu hicho kilipelekwa mahakamani na Rebeca Gyumi. Mahakama Kuu ikampa ushindi 2016, Mahakama ya Rufani ikaukazia 2019. Fikiria, ubishi wa 1969 ulikuwa bado haujaisha miaka hamsini baadaye.

Turudi kwenye nguo. Operesheni Vijana ilipoa, vimini vikaendelea, na majirani nao wakajaribu yao. Idi Amin alipiga marufuku vimini Uganda mwaka 1972. Malawi ya Banda ilitunga sheria 1973 iliyowakataza wanawake hata suruali, ikadumu hadi miaka ya 1990. Sheria ilipofutwa mikono haikufutika: Januari 2012 wanawake walivuliwa nguo mitaani Lilongwe na miji mingine ya Malawi kwa sababu ya suruali na sketi, mpaka rais Bingu wa Mutharika akatoka kusema wanawake wana uhuru wa kuvaa watakacho. Miaka karibu ishirini baada ya sheria kufa, waliokuwa wanaitekeleza wengine hawakuwa hata wamezaliwa ilipotungwa.

Novemba 2014 ikawa Nairobi. Mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye steji ya matatu, mtu akarekodi, na mamia ya watu wakaandamana katikati ya jiji kudai haki ya kuvaa wanavyotaka. Kabla mwaka haujaisha sheria za usalama zilifanyiwa marekebisho, kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa linalojitegemea. Mwaka 1968 karatasi ilihesabu sentimita za sketi. Mwaka 2014 karatasi ilimtaja, kwa mara moja, mwenye mikono.

Wiki ijayo nikipona testi ya Jumatatu nitaandika kuhusu Oktoba 1966, wanafunzi wa Mlimani walipoandamana kupinga masharti ya JKT na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Hao nao waliambiwa hakuna aliyewatuma kubishana.