Ladha Isiyorudi Ruiru: Aina Mpya za Kahawa na Mawasiliano Nyeri

Aina ya kahawa ya Ruiru 11 ilipotolewa mwaka 1985, kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilikuwa kimempa mkulima mengi aliyoyahitaji. Ilistahimili kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa wa tunda la kahawa ulioonekana magharibi mwa Kenya tangu 1922 na ambao hula fedha ya dawa kila msimu. Ufupi wake uliruhusu miti 2,500 kwa hekta, karibu maradufu ya SL28, aina ya zamani. Hata hivyo, huko Othaya, Tetu na Mathira mkoani Nyeri wakulima wengi walibaki na SL28 zao, na wanunuzi wakainung'unikia ladha ya mgeni huyu. Husemwa kwamba watafiti hawakuwasikiliza wakulima. Naona lawama hiyo ni nyepesi mno.

Tazama kiwanda cha chama cha ushirika alasiri ya mavuno. Mkulima anamwaga matunda yake, anachambua mabichi na yaliyokauka, karani anapima na kuandika kilo kwenye nambari ya mwanachama. Kisha SL28, SL34, Ruiru 11 na, tangu 2010, Batian, zote huingia hopa moja. Kuanzia hapo hakuna ajuaye tunda lipi lilitoka mti upi. Buni hukobolewa, hupangwa kwa ukubwa na umbo la punje katika madaraja ya AA, AB na PB. Na mwonjaji wa Nairobi akisema kikombe kimechangamka au kimepooza, anahukumu mchanganyiko. Hukumu hiyo humfikia mkulima ikiwa imegeuka shilingi kwa kilo, sawa kwa wanachama wote wa kiwanda. Kuhusu aina aliyoizalisha, mtafiti haambulii kitu.

Huenda mtu akadhani tatizo ni umbali. Mtafiti Thomas Allen wa chuo cha MIT alionyesha mwaka 1977 kwamba wahandisi huzungumza kuhusu kazi kwa nadra zaidi kadiri meza zao zinavyoachana. Kwetu umbali si kizuizi kikuu. Bwana shamba huja na maagizo kutoka juu. Akirudi hana cha kubeba. Semina hazitaziba pengo hilo, maana mkulima mwenyewe hajui ladha ya mti wake (wengi wetu huku Nyeri tunakunywa chai).

Batian yaonyesha kwamba ujumbe kuhusu ladha unaweza kufika: mti mrefu, uliorudishiwa damu ya SL28 na SL34, na mbegu zake hazihitaji uchavushaji wa mkono kama za Ruiru 11. Ila miaka 25 ilikuwa imepita.

Kutenganisha mavuno yote ni ghali. Kungedai matangi, meza za kuanikia na vibarua zaidi. Sampuli ingetosha: kilo chache za kila aina, zimenywe kwa mashine ya mkono wakati wa kilele cha msimu, zionjwe bila majina, na majibu yaende Ruiru na kwa mwenye shamba. Kamati ya chama haitalipia jambo hilo, kwani huchaguliwa au kung'olewa kwa malipo ya kilo. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti ya utafiti kabla mche wa kwanza haujatoka kitaluni.