Radhi na Mahaba: Ukweli wa Mapenzi ya Ndoa katika Utendi wa Mwana Kupona

Mwaka 1858, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wa kumuusia bintiye, Mwana Hashima. Marehemu alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepambana na Mabusaidi wa Unguja. Mtunzi mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa mwaka mzima, kama anavyoeleza mwanzoni. Tangu hapo wasomaji wametofautiana: je, mapenzi ya mke kwa mume yanayosimuliwa humo ni ya kweli, au ni adabu tu iliyovishwa vazi la mapenzi?

Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huo mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lililotilia mkazo wajibu wa mke, na kwa usomaji wa namna hiyo suala la hisia halizuki kabisa. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliupinga mtazamo huo kwa kuonyesha kejeli iliyomo. Hoja yake ina mashiko. Mume anayepaswa kutunzwa kama mtoto asiyejua kusema, apepewe, akandwe, wala usingizi wake usikatizwe, ni vigumu kumwona kuwa bwana mwenye nguvu. Lakini kejeli hiyo ikifikishwa mwisho wake, mapenzi yote yanageuka mbinu, na beti zinazomhusu Mataka mwenyewe zinakosa mahali.

Katika beti hizo mtunzi anaacha kuagiza na kuanza kushuhudia: kwamba waliishi kwa furaha bila ugomvi, na kwamba marehemu alipofikwa na mauti alitamka kuwa yu radhi naye. Huenda ikadaiwa kuwa huyu ni mjane anayejijengea heshima, hasa kwa kuwa utendi unawaalika wanawake wengine pia kuusoma. Hata hivyo, aliyepaswa kupendezwa na maneno hayo alikuwa kaburini tayari.

Neno la msingi ni radhi. Mwanamke, kwa mujibu wa utendi, anahitaji radhi tano: za Mungu, Mtume, baba, mama na mume, na Siku ya Kiyama mume ndiye atakayeulizwa anamtakia nini mkewe. Kwa mgonjwa anayeikabili akhera, kutaja radhi za Mataka ni kuonyesha deni lililolipwa. Mtu anayeamini kuwa hati hiyo itasomwa mbele ya Mola wake haigizi. Wala wajibu haukutengwa na mahaba: wasia uleule unaoagiza utumishi unaagiza pia hina, pete, manukato na marashi. Swali la ukweli au unafiki linadhani kwamba hisia na wajibu ni vitu viwili. Mwana Kupona hakuvitenganisha.

Linalobaki ni suala la mke mmoja. Mataka alikuwa na wake wengine. Mwana Kupona alikuwa wa mwisho. Uaminifu unaopimwa katika utendi ni wa upande mmoja, na hakuna mizani ya yale ambayo mume naye atayajibu mbele ya mkewe. Anayetafuta pretensheni ya jamii ile, basi, hana haja ya kuitilia shaka kauli ya mjane kuhusu furaha yake. Aanze na ukimya huo, ambao Hashima naye aliusiwa pamoja na beti.