Fotokopi za Mamboleo na Sheria Iliyotoka London

Wasee, pita vibanda vya fotokopi hapa Mamboleo mitihani ikikaribia, uone foleni. Wengi wananakili kurasa za vitabu vya watu. Ni wizi? Kila mtu ana jibu, lakini ni wachache wamesoma sheria.

Mambo yalianza London, 1710. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hakimiliki ambayo jina lake lenyewe lilisema ni ya kuendeleza elimu. Kila kitabu kilidaiwa nakala 9 za maktaba. Yaani maktaba ilikuwa ndani ya dili tangu siku ya kwanza, haikuwa ombaomba mlangoni. Sheria ya 1911 ikaruhusu kunakili kwa kiasi cha haki kwa masomo na utafiti, na wakoloni wakaileta huku.

Kenya ilitunga yake 1966. Mwaka huohuo Grace Ogot, mtu wa hapa Nyanza, alitoa The Promised Land. Alifariki 2015, na sheria yetu humlinda mwandishi miaka 50 baada ya kifo, kwa hivyo riwaya hiyo imefungwa hadi mwisho wa 2065. Mimi sina noma na hilo. Mwandishi ale jasho lake, na familia yake pia.

Noma iko kwa maktaba. Sheria ya 2001 inakuruhusu kunakili kwa matumizi yako binafsi, bora iwe kwa kiasi cha haki na umtaje mwandishi. (Kurudufu kitabu kizima na kukiuza stage? Hapana, boss.) Mkusanyiko wa shule unaweza kubeba vipande vifupi, visizidi viwili kwa kila kitabu. Maktaba ya umma nayo inaweza kunakili kwa faida ya wananchi bila kuingiza pesa, lakini lazima iwe kati ya zile zilizotajwa kwenye kanuni. Hapo ndipo mlango unabaki na kufuli.

Ulaya nao walizembea. Mwaka 2001 waliandika orodha ndefu ya ruhusa, kisha karibu zote wakaachia kila nchi ijichagulie. Mwaka 2019 wakalazimisha: maktaba yoyote iliyo wazi kwa umma inaweza kunakili ilichonacho ili kisipotee, na mkataba unaokataza hilo hauna nguvu.

Sisi tunaweza pia. Mwaka 2017 Kenya iliingia Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa nukta nundu au sauti kwa wasioona bila kumwomba mchapishaji. Wabunge waandike sentensi kama hiyo kwa maktaba zote za umma, ya Kisumu ikiwemo, kabla nakala za zamani hazijaliwa na mchwa.