Ufa wa Mgongo wa Mrushaji

Kama umepata kupita Ayany, huko Kibera, yapata saa kumi na moja za jioni, umeona jinsi watoto waliotoka darasani wanavyokigeuza kila kipande cha ardhi tupu kuwa kiwanja cha michezo. Walio wengi hucheza kandanda, wala si ajabu, kwani kandanda ndiyo mfalme wa michezo yetu. Lakini mara moja moja utaona kundi dogo limesimamisha debe bovu. Mmoja amesimama mbele ya debe, ameshika ubao mfano wa kafi; mwenziwe anamjia mbio kutoka mbali, mpira wa tenisi mkononi. Mkono unapanda juu ya sikio, unashuka kama mjeledi, na debe linalia. Wenziwe humshangilia. Naye, kwa kuwa ameshangiliwa, hurusha tena, na tena, mpaka jua likachwa. Hapana anayehesabu.

Insha hii ni habari ya kuhesabu. Nataka kukuonyesha kwamba katika mchezo wa kriketi vijana hodari wameumizwa na jambo dogo sana, nalo ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuhesabu kazi yao.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Mrushaji hurusha mpira mgumu wa ngozi, wenye uzito wa gramu 156 hadi 163, kumwelekea mpigaji anayelinda vijiti vitatu vilivyosimamishwa mbali naye kiasi cha mita 20. Mirusho sita huitwa ova. Wako warushaji wa polepole, wanaoshinda kwa hila ya vidole, na wako warushaji wa kasi, wanaoshinda kwa nguvu ya mwili mzima. Huyu wa kasi huja mbio, huruka, kisha hutua kwa mguu wa mbele kwa kishindo kinachopita uzito wa mwili wake mara tano au zaidi. Wakati huo huo mgongo wake hujipinda nyuma, huinama upande, na kuzunguka, yote kwa pamoja. Pingili za chini za uti wa mgongo ndizo zinazoupokea mzigo huo.

Mfupa si jiwe. Ni kitu chenye uhai. Ukichoshwa hujitengeneza, mradi upewe nafasi. Usipopewa nafasi hufanya ufa mwembamba. Ufa huu haufanani na mvunjiko wa mtu aliyeanguka mtini, ambaye aweza kukutajia siku na saa ya msiba wake. Ufa wa mrushaji hauna siku ya kuzaliwa. Huanza kama uchovu, ukawa maumivu ya asubuhi, na siku unapotambuliwa umekwisha kukaa mwilini muda mrefu. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakisema habari ya nyumba, lakini neno lao lafaa kwa mgongo pia.

Sasa tuje katika historia. Kriketi iliingia Kenya pamoja na utawala wa Waingereza na wahamiaji kutoka Bara Hindi. Tangu mwaka wa 1910 palikuwa na mashindano ya kila mwaka mjini Nairobi baina ya maofisa wa serikali na walowezi. Waafrika walikaa nje ya ua kwa miaka mingi. Mwaka wa 1981 Kenya iliingia katika baraza la kriketi la dunia ikiwa mwanachama mshiriki, na katika miaka ya 1990 timu yake ilikuwa ya Waafrika na Wahindi pamoja. Timu hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye Kombe la Dunia la mwaka wa 1996, lililochezwa India, Pakistan na Sri Lanka.

Tarehe 29 Februari mwaka huo, katika mji wa Pune nchini India, Kenya ilikutana na West Indies, timu iliyokuwa imetisha dunia kwa warushaji wa kasi kwa miaka mingi. Kenya ilipata mikimbio 166 tu, na watazamaji wakadhani kazi imekwisha. Lakini West Indies walitolewa wote kwa mikimbio 93. Rajab Ali, mrushaji wetu wa kasi, aliwatoa wapigaji watatu kwa mikimbio 17, na mmoja wao alikuwa Brian Lara, mpigaji aliyesifiwa kuliko wote wakati ule. Maurice Odumbe naye, kwa mirusho ya polepole, aliwatoa watatu kwa mikimbio 15. Ushindi huo watu wengi wanaujua. Mimi nakuomba uwatazame watu watatu waliokuwa katika uwanja ule, kwa kuwa ndani yao mna somo letu lote.

Wa kwanza ni Courtney Walsh wa West Indies. Huyu alicheza mechi 132 za siku tano, tangu mwaka wa 1984 hadi 2001, akarusha mipira 30,019 katika mechi hizo peke yake na kuwatoa wapigaji 519. Mwili wake ulikuwa kama mti wa mvule: upepo ulipita, mti ukabaki.

Wa pili ni Ian Bishop, mwenziwe katika timu ile ile. Alianza kwa kasi ya kuogofya, akafikisha wapigaji 100 katika mechi 21 tu za siku tano. Kisha mgongo wake ukapata ufa, akapona, ukapata tena. Alilazimika kubadili namna yake ya kurusha, na kasi ya ujana wake haikurudi kama zamani. Alimaliza na mechi 43 na wapigaji 161. Yeye na Walsh walivaa nguo za rangi moja na kucheza chini ya jua moja. Mmoja alidumu, wa pili alipasuka.

Wa tatu ni Mkenya, Thomas Odoyo, aliyezaliwa Nairobi tarehe 12 Mei 1978. Hesabu mwenyewe umri wake siku ile. Alikuwa na miaka 17, yaani rika lako wewe unayesoma kurasa hizi, na tayari alikuwa akirusha mbele ya dunia nzima. Kijana huyo hakupotea mapema. Aliichezea Kenya katika Kombe la Dunia mara tano, tangu mwaka wa 1996 hadi 2011, na alikuwa mtu wa kwanza kutoka nchi isiyocheza mechi za siku tano kufikisha mikimbio 1,500 na wapigaji 100 katika mechi za kimataifa za siku moja.

Watatu hawa watufunze nini? Watufunze kwamba mzigo uletao msiba kwa mmoja waweza kuchukuliwa na mwingine bila kilio. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Fulani alirusha siku nzima asiumie, nawe fanya hivyo." Kila mgongo una hesabu yake.

Dunia ilichelewa kulijua jambo hili. Mwaka wa 1973 Dennis Lillee wa Australia, kijana mwenye kasi iliyotisha, alionekana kuwa na nyufa mgongoni alipokuwa ziarani West Indies. Wengi walidhani habari yake imekwisha. Alifungwa plasta kiunoni na kifuani, akapumzika, kisha akashika mazoezi magumu yaliyopangwa kwa msaada wa wataalamu wa chuo kikuu. Mwishoni mwa mwaka wa 1974 alirudi, akawashinda Waingereza, na mpaka alipostaafu mwaka wa 1984 alikuwa amewatoa wapigaji 355. Lillee hakuponywa na ushujaa. Ushujaa alikuwa nao tangu hapo. Aliponywa na subira iliyopangwa.

Miaka mingi baadaye Waaustralia walipata fundisho lile lile kwa mara ya pili. Novemba 2011, mjini Johannesburg, Pat Cummins, mwenye miaka 18, alicheza mechi yake ya kwanza ya siku tano, akawatoa wapigaji sita katika zamu moja. Taifa zima lilifurahi. Lakini mwili wa kijana yule ulikuwa haujakomaa, majeraha yakamfuata moja baada ya moja, na mechi yake ya pili ya namna ile hakuicheza mpaka Machi 2017. Miaka mitano na zaidi! Waliomtunza walistahimili kelele za watu waliotaka arudishwe haraka. Subira yao ilizaa matunda: alikuja kuwa nahodha wa nchi yake, na mwaka wa 2023 akaiongoza kulitwaa Kombe la Dunia.

Kutokana na mambo kama hayo, nchi zenye kriketi kubwa ziliweka sheria za kuwalinda vijana. Kwa miaka mingi maagizo ya Uingereza yalimpa mrushaji wa kasi wa miaka 14 au 15 mpaka wa ova sita mfululizo, na ova 12 kwa siku nzima, yaani mirusho 72, wala si zaidi. Tena wataalamu wamegundua kwamba hatari haiko katika wingi wa kazi peke yake. Iko pia katika mzigo wa ghafula. Mrushaji aliyekaa bure majuma mengi, kisha akatwishwa kazi ya majuma manne katika juma moja, yuko hatarini kuliko yule aliyefanya kazi ya kiasi siku zote. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikimwagwa kwa mara moja, chombo hupasuka.

Neno hili latugusa sisi Wakenya. Mwaka wa 2003 timu yetu ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ungetazamia kwamba baada ya hapo ingealikwa kila mahali. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka wa 2004 ilipata mechi mbili tu za kimataifa za siku moja, na mwaka wa 2005 haikupata hata moja. Basi mrushaji wetu alikuwa na shida mbili zilizo kinyume: mwenziwe wa nchi kubwa aliweza kuumia kwa kuitwa mno, naye aliweza kuumia kwa kukaa muda mrefu bila kuitwa, kisha akaitwa kwa ghafula. Hesabu ya kazi si hesabu ya kupunguza tu. Ni hesabu ya kulinganisha.

Hapa yanipasa kuungama kosa langu. Chuo cha ualimu kilinifundisha kupima maendeleo ya mwanafunzi katika hesabu na historia. Kupima uchovu wa mgongo wake sikujua. Nilipokuwa mwalimu mpya, nikisimamia michezo, nilikuwa na mrushaji mmoja, kijana mrefu, mtiifu, asiyejua kusema "siwezi". Siku ya mechi kubwa nilimwachia mpira tangu mchana hata jioni. Tulishinda, nikampongeza mbele ya shule nzima. Asubuhi yake hakuweza kuinama kufunga viatu. Alikuwa na maumivu kwa majuma mengi kabla ya siku ile, lakini hakusema, kwa kuwa sikumwuliza. Hakurusha kwa kasi tena. Hata leo tukikutana huniamkia kwa heshima, na heshima yake hunichoma kuliko lawama.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Siku moja utakuwa nahodha, au mwalimu, au mzazi, na mbele yako atasimama kijana mwenye kipawa anayesema, "Nipe mpira tena." Usidhani atakuambia amechoka. Kijana hodari haoni aibu kubwa kuliko kuonekana mvivu. Kazi ya kusema "basi, inatosha" ni ya mkubwa wake. Na kama wewe ndiwe mrushaji, jua kwamba kusema "mgongo waniuma" si woga. Ni ushahidi wa kweli ambao hapana mwingine awezaye kuutoa kwa niaba yako.

Jioni moja majuma machache yaliyopita nilisimama tena pale Ayany. Mtoto alikuja mbio, debe likalia, wenziwe wakapiga makelele. Alipotaka kurudi mwanzo wa mbio zake nilimwita nikamwuliza, "Mwanangu, leo umerusha mara ngapi?" Alicheka, akasema hajui. Nilimpa kipande cha chaki, nikamwambia apige mstari mmoja ukutani kila amalizapo mirusho sita. Nilipopita kesho yake niliona mistari minane, na chini yake jina lake.