Asili ya Maneno Matatu ya Siasa katika Kiingereza

Mwanafunzi asomaye gazeti la Kiingereza hukutana na maneno ya siasa ambayo kamusi humweleza kwa mstari mmoja, naye hudhani amekwisha kuyajua. Lakini mengi katika maneno hayo hayakutungwa na wataalamu. Yalizaliwa katika ugomvi, na mwalimu asiyeujua ugomvi wenyewe hawezi kueleza kwa nini neno hili ni la heshima na lile ni tusi.

Tazama neno Tory. Asili yake ni Kiayalandi, nalo katika karne ya 17 lilikuwa jina la wanyang'anyi wa porini, wengi wao watu waliopokonywa ardhi zao na Waingereza. Tangu mwaka 1679 wakubwa wa Uingereza walishindana juu ya James, ndugu yake mfalme Charles wa Pili: je, mtu aliyeingia Kanisa la Roma aweza kurithi kiti? Waliosema asirithi waliwaita wapinzani wao Tory. Nao wakarudishiwa jina la Whig, lililokuwa la wakaidi wa Uskochi. Ajabu ni kwamba kila upande ulilipokea tusi lake ukalivaa kama joho. Hata leo mtu akiitaja Tory, yaani chama cha Conservative, si rahisi kujua kama anataja jina au anatukana.

Neno boycott twaweza kulifuata hata siku za kuzaliwa kwake. Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne karibu na ziwa Lough Mask, katika jimbo la Mayo, Ayalandi. Mavuno yalikuwa yameharibika, na mwaka 1880 wakulima wakaomba wapunguziwe kodi kwa robo. Wakakataliwa, kisha zikaja hati za kuwafukuza. Tarehe 19 Septemba mwaka ule, mjini Ennis, Charles Parnell alikuwa amewaambia watu kwamba mtu atwaaye shamba la mwenzake aliyefukuzwa asiuawe, bali atengwe kama mwenye ukoma wa zamani. Watu wa Mayo wakamfanyia Boycott vivyo hivyo. Vibarua wakaacha shamba, mhunzi na dobi wakakataa kazi yake, wenye maduka hawakumwuzia kitu. Mwezi wa Novemba wakaja watu 50 kutoka Ulster kumvunia, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Yakadiriwa kuwa gharama ilifika pauni 10,000, na mavuno yenyewe thamani yake yapata pauni 500! Mwanzo wa Desemba Boycott akavuka kwenda Uingereza.

Aliyelitunga neno ni padre. James Redpath, mwandishi wa gazeti kutoka Marekani, asimulia kwamba neno ostracise aliliona gumu kwa wakulima. Padre John O'Malley akamshauri litumike jina la mtu mwenyewe. Upesi likaingia hata katika Kifaransa na Kijerumani. Sisi twalo neno kususia, nalo lafaa. Ila mtu aweza kususia chakula peke yake kwa hasira, na boycott ni shauri la wengi waliopatana.

Wakulima wale walikuwa wamepata kinga nyingine miaka minane kabla. Hapo zamani mpiga kura alimtaja mtu wake kwa sauti mbele ya watu, na mwenye ardhi akisikia. Sheria ya mwaka 1872 ikaleta kura ya siri, iitwayo ballot, neno la Kiitalia lenye maana ya kijitufe, kwa kuwa tufe ndogo zilitumika kuchagulia. Hapa Kiswahili chatutega. Neno kura, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kura ya bahati, kama ile iliyomwangukia Mathiya katika Matendo ya Mitume. Kiingereza kina maneno mawili, lot na ballot. Sisi twatumia moja kwa yote mawili. Mwanafunzi akiuliza kama Mitume walifanya uchaguzi, na aambiwe kwamba katika lot mtu huacha kuchagua, na katika ballot huchagua mwenyewe pasipo kuonekana na bwana wake.