Mzio wa chakula kwa mbwa

Mzio wa chakula kwa mbwa ni hali ambayo kinga ya mwili wa mbwa hushambulia protini za chakula, mara nyingi zile za nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au ngano. Mbwa huwashwa ngozi na masikio. Wengine hutapika au kuharisha. Katika sikio lililovimba, bakteria na kuvu aina ya Malassezia huongezeka, na sikio hutoa uchafu wenye harufu mbaya. Dawa ya sikio hutibu maambukizi hayo, lakini hujirudia chakula kisipobadilishwa. Ili kutambua mzio, mbwa hulishwa kwa takriban wiki 8 protini ambayo hajawahi kula, bila chakula kingine chochote. Dalili zikiisha, kisha zikarudi anapopewa chakula cha awali, mzio umethibitika.